Foleni ya Wanaoanza Upya

Saiba niliyokuwa nikifanya kazi iko Nyanchwa, pale barabara inapopanda kutoka Kisii mjini kuelekea kilimani. Kompyuta sita, printa moja yenye kiburi, na benchi refu la mbao kando ya ukuta. Watu wanakuja na vyeti ndani ya bahasha ya khaki, wanaketi, na anayehudumiwa akiinuka wote wanasogea. Hakuna tiketi wala namba. Jumamosi tumefunga, kwa sababu Nyanchwa ni mlima wa Wasabato tangu misheni ije hapa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mwenye saiba ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo Jumapili benchi linajaa mpaka nje.

Usiku mmoja, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya msaada wa karo, mama mmoja alifika na binti yake saa kumi na mbili jioni. Walikuwa wametoka upande wa Nyamira kwa matatu kwa sababu kwao stima ilikuwa imepotea tangu juzi. Fomu yenyewe ilikuwa ya kurasa nyingi: shule ulizosoma, mapato ya mzazi, ndugu zako wangapi wako shuleni, pakia cheti hiki, pakia barua ya chifu. Mtu mwepesi anaimaliza kwa nusu saa. Ilikuwa na kitufe cha kutuma mwishoni kabisa. Kitufe cha kuhifadhi hakikuwepo.

Mtandao ulikatika tukiwa ukurasa wa tatu. Uliporudi, skrini ikatuambia muda wetu umeisha, tuingie tena. Tukaingia. Nafasi zote nyeupe, kana kwamba hatujawahi kufika pale. Tukaanza tena. Mara ya tano tulifika kwenye cheti, kikakataa kupanda. Mara ya sita ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi, na hatukuimaliza. Saa sita ilipogonga fomu ikafungwa.

Mama hakupiga kelele. Aliangalia ile skrini, akaniangalia mimi, akauliza: "Kijana, sasa hiyo kazi yote tumefanya imeenda wapi?"

Nilimwambia mtandao ni mbaya. Halikuwa jibu, na tulijua wote wawili. Baadaye, usiku ambao wateja walikuwa wachache, nilianza kusoma kuhusu foleni, na nikakuta kwamba kuna tawi zima la hesabu lenye umri wa zaidi ya karne moja linalochunguza kungoja. Lina fomula za benki, za simu, za kompyuta. Lakini swali la yule mama lilichelewa sana kuingia humo, na nadhani namna lilivyochelewa ina maana yake.

Kisa kinaanzia kwenye simu. Mwaka 1908, Agner Krarup Erlang, Mdenmarki wa miaka 30 aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Tatizo alilopewa lilikuwa la kijiji kabisa. Kijiji kina simu nyingi, lakini laini za kutoka nje ya kijiji ni chache. Ni wapiga simu wangapi watakaokuta laini zote zimeshikwa? Erlang hakukaa ofisini tu. Inasimuliwa kwamba watu wa Copenhagen walikuwa wakimwona barabarani, nyuma yake kibarua amebeba ngazi, akishuka kwenye mashimo ya nyaya kupima mwenyewe. Mwaka 1909 alichapisha kazi ya kuonyesha kwamba simu huingia kwa bahati nasibu, kila mtu akipiga kwa sababu zake bila kushauriana na mwenzake, na kwamba bahati nasibu hiyo ina umbo linaloweza kuhesabiwa. Mwaka 1917 akatoa fomula zake mbili kubwa.

Ya kwanza inahusu mfumo ambao ukikuta laini zimejaa, unakatwa. Ya pili inahusu mfumo ambao unangoja. Tuchukue kijiji ambacho kwa wastani kina mazungumzo mawili yanayoendelea kwa wakati mmoja. Leo tunauita mzigo wa erlang 2, maana tangu 1946 kipimo hicho kina jina lake. Ukiwapa laini 3, karibu simu 21 kati ya 100 zitakataliwa. Ongeza laini moja tu, ziwe 4, zinashuka chini ya 10. Na kama badala ya kukatwa watu wanaruhusiwa kungoja, basi kwa laini zile 3, 44 kati ya 100 watalazimika kungoja. Injinia akishakuwa na jedwali la namna hiyo, anaweza kuamua nguzo ngapi na nyaya ngapi zinatosha, na nani atavumilia.

Jedwali la aina hii ndilo lililoamua maisha ya simu karibu dunia nzima. Wazazi wetu waliishi ndani yake enzi za KPTC, lile shirika la posta na simu la Kenya lililozaliwa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, likagawanywa 1999. Ukimwuliza mtu wa rika hilo kuhusu kupiga simu Nairobi kutoka Kisii, hatakuambia habari za hesabu. Atakuambia kuhusu kibanda cha simu, sarafu mkononi, foleni nyuma yako, na yule jamaa wa mbele asiyemaliza maneno.

Sasa angalia vizuri fomula mbili za Erlang. Katika ya kwanza, aliyekosa laini anaondoka na hesabu inamsahau. Katika ya pili, anangoja kwa utulivu mpaka ahudumiwe. Hakuna anayeondoka, akageuka na kurudi. Mtu wa kweli akikosa laini hupiga tena, na tena, huku akitukana. Wahandisi walilijua hilo, lakini kulihesabu ni shida, kwa hiyo kwa muda mrefu walijifanya kwamba simu ya pili ni ya mtu mwingine. Mwaka 1957 J. W. Cohen aliandika makala iliyokabili suala la simu zinazorudiwa waziwazi. Kutoka 1917 hadi 1957 ni miaka 40.

Kompyuta zilipokuja zilirithi hesabu za simu, pamoja na upofu wake.

Mwaka 1961 mambo mawili yalitokea ambayo bado tunaishi nayo. La kwanza ni uthibitisho wa John Little, Mmarekani, wa sheria ambayo ni rahisi mpaka inatia shaka: idadi ya watu walio ndani ya mfumo, kwa wastani, ni kasi wanayoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Kama saiba yetu inapokea watu 8 kwa saa, na ukihesabu kichwa kwa kichwa unakuta wastani wa watu 12 ndani, basi kila mmoja anakaa saa moja na nusu. Huhitaji kujua nani mzembe, nani ana fomu ndefu, nani ameleta picha isiyo na saizi sahihi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Lakini sheria hii inategemea umesimama mlango gani. Simama kwenye mlango wa saiba, na yule mama aliingia mara moja, akakaa saa sita. Simama kwenye mlango wa seva, huko ilipo, na utaona kitu tofauti kabisa: mtu ameingia, amehudumiwa kurasa tatu haraka haraka, ameondoka. Halafu mtu mwingine ameingia. Halafu mwingine. Watu sita wasiokaa sana. Sheria ya Little ni kweli kwenye milango yote miwili. Ila ripoti inayoandikwa Nairobi huandikwa kutoka mlango wa pili.

Jambo la pili la 1961 lilitokea chuo cha MIT, Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kabla ya hapo, kompyuta ilikuwa kama mashine ya posho: unaleta kazi yako, unaiacha, unarudi baadaye kuchukua unga. CTSS iliruhusu watu wengi kukaa kwenye vituo vyao kwa wakati mmoja, kila mmoja akipewa kipande kidogo cha muda wa mashine, zamu kwa zamu, kwa kasi inayomfanya adhani iko yake peke yake. Hapo ndipo "muda wa kujibiwa" ulipokuwa suala la watu. Ukibonyeza, utangoja sekunde ngapi?

Aliyepewa kazi ya kulijibu alikuwa mwanafunzi, Allan Scherr, na huyu nampenda kwa sababu moja. Mgao wake wa muda kwenye mashine haukumtosha. Kwa hiyo mwaka 1962 aligundua kwamba unaweza kuomba faili lolote lichapishwe kwenye karatasi kwa kupeleka kadi iliyotobolewa. Akaomba faili la pasiwedi za watu wote. Wakamchapishia. Akawa anaingia kwa majina ya wenzake, na alikaa miaka mingi kabla ya kukiri. Mtu aliyekuja kutufundisha jinsi ya kupima foleni ya kompyuta alianza kwa kuruka foleni!

Tasnifu yake ya 1965 ilichukua mfano wa zamani wa fundi na mashine zinazoharibika, akaugeuza. Mtu kwenye kituo yuko katika hali mbili tu: anafikiri, au anangoja kujibiwa. Akifikiri ni kama mashine inayofanya kazi. Akituma amri ni kama mashine iliyoharibika na inangoja fundi, na fundi ni kompyuta. Mfano ulikuwa mwepesi mno ukilinganisha na mfumo wenyewe, lakini ulikaribia sana vipimo halisi. Toka hapo watu wakaamini kwamba kompyuta yenye vurugu zote zile inaweza kutabiriwa kwa fomula chache.

Na fomula maarufu kuliko zote ndiyo kila mhudumu wa saiba anaijua kwa tumbo. Seva moja, watu wanaokuja ovyo, kazi za urefu wa ovyo: muda wako wa kujibiwa ni muda wa kazi yenyewe ukigawanywa kwa sehemu ya seva iliyobaki wazi. Seva ikiwa na shughuli nusu ya muda wake, unangoja mara 2 ya kazi yako. Asilimia 80, mara 5. Asilimia 90, mara 10. Asilimia 95, mara 20. Kutoka 90 hadi 95 ni hatua ndogo kwenye karatasi. Kwenye benchi ni tofauti ya kurudi nyumbani na kulala stendi.

Lakini ona tena nani hayumo. Mtu wa Scherr anafikiri, anatuma, anangoja, anajibiwa. Hakatikiwi. Hapotezi alichoandika. Alikuwa ndani ya jengo lenye stima.

Aliyeweka kukatizwa kwenye meza vizuri alikuwa Donald Gaver, mwaka 1962, katika makala kuhusu foleni ambazo huduma yake inakatizwa. Alitenganisha hali ambazo sisi wa Nyanchwa tungezitenganisha hata bila hesabu. Kuna kuendelea: uko kwa kinyozi, stima inapotea ukiwa umenyolewa nusu kichwa, ikirudi anaendelea pale pale, na aibu yako ni ya dakika chache tu. Kuna kurudia tofauti: matatu imeharibika Keroka, mnahamishiwa nyingine, na mwendo wa hiyo ya pili ni bahati mpya kabisa. Na kuna kurudia kile kile: kazi ile ile, urefu ule ule, kutoka mwanzo. Hiyo ya tatu ndiyo fomu yetu.

Hapa niseme langu, kwa sababu ni la aina hiyo hiyo. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Miaka michache baadaye nilikwenda kuuliza kama naweza kurudi. Nikaambiwa masomo niliyopita muda wake umeisha, nianze mwaka wa kwanza. Sitataja chuo. Nilirudi kilimani kwa miguu nikipiga hesabu ya nauli, bila kujua kwamba nilichoambiwa kina jina katika makala ya 1962.

Basi kurudia kile kile kunagharimu kiasi gani? Wengi tunadhani ni kidogo. Mtandao ukikatika unapoteza kidogo, unafidia kidogo. Hesabu inasema vingine. Tuseme mtandao unakatika kwa wastani mara moja kila dakika 10, ovyo ovyo. Fomu ya dakika 5 itakuchukua, kwa wastani, dakika 6 na nusu. Si mbaya. Fomu ya dakika 10 itachukua dakika 17. Ya dakika 20, saa moja na dakika 4. Ya dakika 30, saa tatu na dakika 11. Ya dakika 40, karibu saa tisa.

Soma tena hizo namba. Fomu imekua mara nane, kutoka dakika 5 hadi 40, na gharama imekua zaidi ya mara 80. Muda huu haupandi kama ngazi, unapanda kama deni la shailoki. Sababu ni kwamba ili umalize fomu ya dakika 30 unahitaji dakika 30 mfululizo bila hitilafu hata moja, na pale mtandao unapokatika kila dakika 10, bahati hiyo inakuja karibu mara moja katika majaribio 20. Mengine 19 ni kazi iliyofanyika na kutupwa. Yule mama alikuwa amejaribu mara sita tu. Kwa hesabu, hatukuwa na bahati mbaya hata kidogo. Tulikuwa watu wa kawaida kabisa.

(Mtaalamu atanikosoa kwamba fomula hii inadhani hitilafu haina kumbukumbu, kwamba kukatika kwa sasa hakuelezi kitu kuhusu kukatika kwa baadaye. Ni kweli, na Kisii si hivyo. Huku mvua inakuja alasiri na radi zake, na stima inaondoka nayo. Mwenye akili huja saiba asubuhi. Lakini anayekuja asubuhi ni yule asiye na ng'ombe wa kukamua wala majani chai ya kuchuma.)

Jambo hili lilifikishwa mwisho mwaka 2008. Søren Asmussen, Mdenmarki kama Erlang, pamoja na Pierre Fiorini, Lester Lipsky, Tomasz Rolski na Robert Sheahan, walichapisha uchambuzi wa kazi zinazolazimika kuanza upya hitilafu inapotokea. Walionyesha kwamba hata kama kazi zenyewe ni za urefu wa kawaida, muda wa jumla unaweza kuwa na mkia mrefu sana: watu wachache wanaokaa muda usio na kadiri. Na kuna mpaka wa kutisha. Kazi zikiwa za urefu mbalimbali usio na ukomo, zikitawanyika kama muda wa mazungumzo ya simu ya Erlang, na wastani wa kazi ukafikia au kupita wastani wa muda kati ya hitilafu, basi wastani wa muda wa kumaliza haupo. Fomula inatoa infiniti. Hapo mtu akikuambia "kwa wastani wateja wetu humaliza kwa muda fulani", anakuambia habari za wale waliomaliza. Waliokata tamaa hawamo kwenye kumbukumbu zake.

Huwa nafikiria hili kila nikisikia neno seva. Kenya nzima ililijua neno hilo 2017, wakati wa kesi ya uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu ilipoamuru seva za tume zikaguliwe na tarehe 1 Septemba ikafuta matokeo. Hata nyanya zetu walikuwa wakisema "fungua seva". Tulidhani ukweli wote uko ndani yake. Kumbe kuna ukweli ambao seva haiwezi kuwa nao hata ukiifungua: yale yaliyoandikwa upande wa huku na hayakufika.

Cha kuudhi ni kwamba dawa ilikuwepo muda wote. Mwaka 1974 John W. Young aliandika makala fupi kuhusu kompyuta kubwa zinazofanya kazi za saa nyingi. Usingoje mwisho, alisema kwa lugha ya hesabu; simama kila baada ya muda, hifadhi ulipofika, endelea. Ukihifadhi mara nyingi mno unapoteza muda kwa kuhifadhi. Mara chache mno unapoteza kazi. Katikati kuna kipimo: zidisha mbili kwa gharama ya kuhifadhi kwa muda kati ya hitilafu, kisha tafuta kipeo cha pili. Kama kuhifadhi kunachukua sekunde 12, na mtandao unakatika kila dakika 10, jibu ni kuhifadhi kila dakika 2. Hata ukiwa mvivu ukahifadhi mwisho wa kila ukurasa wa dakika 5, ile fomu ya nusu saa inashuka kutoka saa tatu na dakika 11 hadi dakika 39 hivi. Kitufe kimoja.

Na wala si kwamba Afrika Mashariki hatujui. Mfano bora ninaoujua uko mfukoni mwako. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe. Namba ya unayemtumia, kiasi, namba ya siri: vyote unaviandika ukiwa peke yako na simu yako, mtandao uwepo usiwepo. Ukimaliza ndipo ujumbe mmoja mfupi uliofungwa unaondoka. Sehemu inayoweza kukatizwa ni ya sekunde tu. Linganisha na zile menyu za nyota na reli, ambazo kila ukibonyeza namba lazima mtandao ujibu. Ukikatika hatua ya tano, rudi ya kwanza. Waliotengeneza M-Pesa walianza na mtu aliyeko mahali ambapo laini inashika ukisimama kwenye mti fulani. Waliotengeneza fomu ya yule binti walianza na nani? Nadhani na mtu kama Scherr, ndani ya jengo lenye stima.

Kuna mduara mmoja zaidi, na huu ndio unaoua usiku wa mwisho. Kila anayeanza upya anabisha tena mlango wa seva. Kama kila mmoja anahitaji majaribio 20, basi watu 100 wa milimani wanabisha mara 2,000. Seva inasogea kutoka asilimia 80 kwenda 95, kurasa zinachelewa kwa kila mtu, hata wa Nairobi mwenye waya wa nyuzi za kioo. Kurasa zikichelewa, fomu ya dakika 30 inakuwa ya dakika 33. Na dakika 33 kwa mtandao wetu si dakika 3 zaidi. Ni saa nne na dakika 21 badala ya saa tatu na dakika 11. Ambayo ina maana ya kukatika zaidi, kubisha zaidi, kuchelewa zaidi.

Mwishoni mwa Juni 2023 serikali ilizindua maelfu ya huduma kwenye eCitizen, na mwezi uliofuata jukwaa hilo likashambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Shambulio la namna hiyo, ukilivua majina yake ya kutisha, ni foleni tu: maombi mengi ya watu wasiokuwepo, ili waliopo wasifike. Ukiwa upande wa seva, usiku wa mwisho wa fomu isiyo na kitufe cha kuhifadhi unafanana sana na hilo. Ila wanaobisha wapo. Wako kwenye benchi, na bahasha za khaki.

Baada ya ule usiku nilianza kufanya kitu ambacho makarani wa zamani wangekicheka kwa jinsi kilivyo cha kale. Nilinunua daftari za kurasa 32. Mteja mwenye fomu ndefu anapewa kalamu na daftari, tunaandika majibu yote kwa mkono, tunakagua tahajia, tunapunguza picha ziwe saizi inayotakiwa, tunaziweka kwenye folda moja. Mpaka hapo hatujafungua tovuti. Tukishamaliza, nafungua na kunakili mfululizo. Fomu ya dakika 30 inakuwa ya dakika 8 hivi mtandaoni, na dakika 8, kwa hesabu ile ile, inamalizika kwa wastani wa dakika 12. Bosi alilalamika kwamba watu wanakaa kwenye benchi wakiandika badala ya kulipia kompyuta. Nilimwonyesha zile namba. Hakuziamini, lakini aliona watu wanarudi.

Yule binti alikuja mwaka uliofuata, safari hii peke yake, Jumapili asubuhi kabla mvua. Nilikuwa natafuta daftari nimpe. Akatoa lake kwenye begi. Alikuwa ameshaandika yote, ukurasa kwa ukurasa kwa mpangilio wa ile fomu ya mwaka uliopita, kwa sababu alikuwa bado anaikumbuka.